Mzee Zephaniah Phiri Maseko, aliyepanda maji Zvishavane

Swali
Wanajukwaa, habari za leo. Kikundi chetu cha wakulima kinataka kumkumbuka marehemu Zephaniah Phiri Maseko wa wilaya ya Zvishavane, Zimbabwe, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2015. Je, tumweleze kuwa mkulima tu, au pia fundi?

Jibu la kwanza
Ndugu, mimi namhesabu fundi kwanza. Alipofukuzwa kazi ya reli kwa sababu za kisiasa katika miaka ya 1960, aliligeukia shamba lake la takriban hekta 3, lililo chini ya mwamba mkubwa ambao maji ya mvua yaliuteremka kwa kasi na kuondoka na udongo. Alipanga kuta fupi za mawe, moja chini ya nyingine, ili maji yapunguze mbio na kuzama ardhini. Kisha akachimba mashimo ndani ya makinga maji, yaani matuta na mifereji inayokatiza mteremko, na mashimo hayo yakijaa maji hunywesha mizizi polepole. Mwenyewe alisema kwamba anapanda maji.

Jibu la pili
Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: maarifa hayo hakuyafungia ndani. Wageni alikuwa akiwatembeza shambani, na shirika alilolianzisha liliwasaidia majirani kuchimba mashimo ya kwao. Naye ndiye yule yule aliyeshitakiwa enzi za ukoloni kwa kulima penye unyevu, jambo ambalo sheria ya wakati ule ilikataza!

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Tutaandika “mkulima na fundi wa maji”, na picha ya zile kuta tutaiweka mbele.