Ushauri: tairi gani kwa baiskeli ya mlimani, Moshi hadi Tanga kupitia Kisiwani, Mtae na Amani?

Mtoto wa Kiboriloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za asubuhi.

Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela mfukoni. Mwezi wa saba, Mungu akijalia, natoka Moshi kwenda Tanga kwa baiskeli, lakini si kwa lami moja kwa moja. Nafika Same kwa barabara kuu, halafu naiacha lami na kupita nyuma ya milima ya Upare: Kisiwani, Maore, Ndungu, hadi natokea Mkomazi. Mombo napanda Soni na Lushoto, nasonga mpaka Mtae, narudi, nashika Korogwe na Muheza, nakunja kwenda Amani kuuona msitu, ndipo niingie Tanga mjini. Kwa hesabu yangu ni zaidi ya kilomita 600. Nimejipa siku kumi na mbili.

Baiskeli ni mtumba wa magurudumu ya inchi 29, shokapu mbele tu, breki za diski. Mimi nina kilo 74, na mizigo haitazidi 14. Matairi iliyokuja nayo ni ya upana wa inchi 2.25, yenye kashata nene kama za pikipiki ya shamba. Juzi nimejaribu kwenda Himo na kurudi: kwenye lami yanavuma, na miguu ilichoka mapema kuliko kawaida yangu. Tena ubavu wa tairi la nyuma umeanza kupasuka nyufa.

Nimepata mapendekezo matatu yanayopingana. Duka moja limenishauri tairi jembamba la lami la 1.75, eti nitateleza kama maji. Rafiki yangu anasema Schwalbe Marathon Mondial ya 2.0, maana ni tairi la wasafiri. Mwingine anasema Vittoria Mezcal ya 2.25. Bajeti yangu ni laki tatu kwa yote mawili, naweza kuongeza kidogo nikishawishika. Je, nichague lipi, na mniambie kwa nini.

Mpare wa Usangi

Mkuu, karibu kwetu. Hiyo ya 1.75 iache hapo hapo dukani. Aliyekushauri ameifikiria lami ya Moshi–Same tu.

Shida yako kubwa haiko kwenye kashata, iko kwenye mbigili. Kuanzia unapoacha lami pale Same mpaka Mkomazi ni nchi kavu. Mwezi wa saba mbigili zimekauka na kutapakaa pembeni mwa njia, hasa mahali ng'ombe wanapokunywa maji na karibu na vituo vya magari. Juu yake kuna miiba ya migunga iliyokatwa kujengea maboma. Nilipopita mimi sehemu kubwa ilikuwa vumbi na mawe yaliyolala, na siku ya kwanza nilipata pancha nne kabla ya Kisiwani. Nne! Tairi langu lilikuwa jepesi, la mashindano, zuri sana kwa mbio za saa mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: chini ya kashata kuna nini? Tafuta tairi lenye mkanda wa kuzuia miiba. Marathon Mondial unao. Kasoro yake ni uzito, na ukipanda Soni utauhisi. Lakini ni afadhali uzito kuliko kukaa juani unaziba viraka.

Dada wa Magamba

Kaka, mimi naishi Lushoto, na njia ya Mtae naipanda mara kwa mara, kwa hiyo nitasema ya huku juu tu.

Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za lami, kupanda karibu mwanzo mwisho. Hapo tairi lolote lenye upepo wa kutosha litakufikisha. Ukishaiacha lami kuelekea Mtae ndipo mambo hubadilika. Kuna udongo mwekundu, kuna makorongo yaliyochimbwa na maji katikati ya njia, na kuna mawe yenye makali ambayo huwezi kuyaona ukiwa unashuka kwa kasi. Hayo mawe hayatoboi kashata, yanachana ubavu. Mwaka juzi nilichanika ubavu urefu wa kidole gumba, na pancha ya namna hiyo hakuna kiraka cha tyubu kitakachoisaidia.

Mwezi wa saba mvua si nyingi, ila ukungu wa asubuhi huilowanisha njia ya msituni mpaka jua lipande. Udongo wetu ukilowa unakuwa sabuni. Mondial ina kashata fupi zilizoshikana katikati, kwa hiyo inakwenda vizuri kwenye ngumu na inateleza kwenye utelezi. Mimi mbele nisingeweka kitu chembamba kuliko 2.2 chenye kashata za pembeni zinazouma kwenye kona.

Fundi Kizibo

Wote mmesema kweli, na majibu yenu hayapingani. Mkuu hana lazima ya kufunga tairi la aina moja mbele na nyuma.

Tairi la nyuma linabeba uzito mkubwa na ndilo linalolika na kutoboka zaidi. La mbele kazi yake ni kukushikilia kwenye kona na kwenye breki. Ukiteleza nyuma unaweza kujirudisha. Ukiteleza mbele umeshaanguka. Kwa hiyo weka nyuma tairi gumu linalobiringika vizuri, na mbele lenye kashata zaidi na upana zaidi. Mezcal 2.25 mbele, Mondial 2.0 nyuma, kwa njia uliyoitaja, ningelala usingizi.

Sasa kabla ya kununua, geuza baiskeli juu chini usome namba ubavuni. Usiridhike na "29". Tafuta namba kama 57-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia kwenye ringi. 622 ndiyo yako. Nalisema hili kwa sababu njia nzima hiyo utakuta matairi ya 28 ya baiskeli nyeusi, na mwenye duka kwa nia njema atakwambia 28 na 29 zinakaribiana. Yale ni 635. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini litacheza kwenye ringi yako na kuchomoka. Za 26 ni 559, nazo haziingii kabisa. Maana yake ni kwamba tairi la 29 likifa Ndungu hulipati Ndungu. Pengine hulipati mpaka Tanga.

Tyubu ni habari tofauti. Ukikwama, tyubu ya 28 au hata ya 26 inavutika ndani ya tairi la 29 na kukufikisha mjini. Si ya kudumu, ila inaokoa.

Mtoto wa Kiboriloni

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa asubuhi moja. Nimesoma: yangu ni 57-622 kweli. Swali: kuna mtu kanipigia simu kusema niachane na tyubu kabisa, nifunge bila tyubu na kumimina ile gundi ya maji, mbigili zitajiziba zenyewe. Mnasemaje?

Kijana wa Ngamiani

Mkuu, mimi natumia bila tyubu mwaka wa tatu sasa na sirudi nyuma. Nimechomoa mbigili saba kwenye tairi moja, gundi ikatoka kidogo, ikaziba, nikaendelea. Unaweza pia kupunguza upepo bila kuogopa ile pancha ya kubanwa, yenye matundu mawili yanayotazamana. Kwenye rafurodi mwili unapumzika.

Masharti yapo. Ringi iwe ya aina hiyo, na mtumba wako inawezekana siyo. Gundi inakauka, na kwa joto la kwetu Tanga naiongeza kila baada ya miezi miwili. Na bado unabeba tyubu moja, kwa ajili ya mchaniko wa ubavu aliosema dada.

Fundi Kizibo

Kijana anasema anachokijua. Mimi nitapinga kwa safari hii tu, sipingi teknolojia. Kama hujawahi kufunga hivyo, usijifunzie njiani. Kulikalisha tairi kwenye ringi mara nyingi kunataka upepo mwingi kwa ghafla, pampu ya mkono haitoshi, na wauzaji wa ile gundi kati ya Same na Mombo sijawaona. Tyubu na viraka kila fundi pancha anavijua hata gizani.

Angalia pia tundu la valvu kwenye ringi. Kama ni pana, la valvu ya gari, furahi: pampu za mafundi wa pikipiki zote zitakufaa. Kama ni jembamba, nunua kile kishaba kidogo cha kubadilishia valvu, ununue viwili, uvifunge kwenye begi mahali hutavipoteza.

Mzee wa Foniksi

Wanangu, nimebeba maziwa kwa baiskeli miaka ishirini na sita, sehemu kubwa njia za vumbi. Hayo majina ya matairi siyajui, ila mwiba naujua.

Chukua tairi kuukuu jembamba, kata ukingo wake wa waya pande zote mbili, ubaki na ule mkanda wa katikati. Ulaze ndani ya tairi lako la nyuma, kati ya tairi na tyubu. Ncha zake zipunguzwe kwa kisu ziwe nyembamba, la sivyo zitakula tyubu kwa kusuguana. Paka poda ya mtoto. Mwiba mfupi hautafika. Baiskeli itakuwa nzito, ndiyo.

La pili. Ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, duara nzima, mara mbili. Mbigili inakatika na kubakiza ncha ndani. Wengi wanaopata pancha tatu mfululizo wamepata mwiba mmoja.

La tatu, kwenye lami pembeni kuna nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka. Zile hazionekani kwa macho. Usipande kwenye ukingo wa lami kama huna sababu.

Mtoto wa Kiboriloni

Shikamoo mzee. Hiyo ya kupitisha vidole mara mbili nimeiandika kwenye daftari. Upepo niweke kiasi gani?

Fundi Kizibo

Kwa uzito wako na mizigo, jumla kilo 88 bila baiskeli, anza hivi: kwenye lami nyuma PSI 45 (ndicho kipimo cha upepo kwenye pampu), mbele 38. Ukiingia vumbi punguza, nyuma 38, mbele 30. Ukisikia ringi inagonga mawe, ongeza. Usiweke 60 kwa kudhani tairi gumu ndilo lenye mwendo. Kwenye mawe tairi gumu linarukaruka, na kila mruko ni nguvu zako zimepotea.

Dada wa Magamba

Na kwa mchaniko wa ubavu: beba sindano kubwa na uzi wa nailoni wa washona viatu, pamoja na kipande cha tairi kuukuu ukubwa wa kiganja. Mimi langu lilishonwa na mshona viatu wa Lushoto sokoni, kipande kikawekwa kwa ndani, nikalitumia miezi mingine mitano.

Mtoto wa Kiboriloni

(wiki saba baadaye)

Wakuu, naandika nikiwa Tanga. Nimefika salama, siku kumi na tatu.

Nilifunga Mezcal 2.25 mbele na Mondial 2.0 nyuma, tyubu zote mbili, na mkanda wa mzee kwa nyuma. Nilizidisha bajeti, na sijutii. Pancha zilikuwa tatu. Mbili ni za mbele, zote kati ya Same na Maore, zote mbigili. Ya tatu nyuma, karibu na Korogwe, uzi wa waya wa lori kama mzee alivyosema. Niliupata kwa kidole kwenye duara la pili. Mara ya kwanza niliupita. Nyuma kwenye vumbi sikupata hata moja, na nilipofungua Muheza nilikuta mbigili sita zimekwama kwenye mkanda.

Dada wa Magamba, njia ya Mtae ni kama ulivyosema. Asubuhi ilikuwa na ukungu, nikashuka kwenye baiskeli mara mbili nikasukuma, lakini mbele haikuteleza. Pale mwisho, ukitazama chini nyika ya Mkomazi yote, nilikaa saa nzima. Amani ndiko nilikochoka zaidi: njia ina unyevu, nyuma ilikuwa inazunguka bure kwenye mizizi. Hapo nilitamani Mezcal nyuma pia.

Swali la mwisho. La nyuma limelika katikati. Nilihamishie mbele ili yachakae sawa?

Mzee wa Foniksi

Hapana mwanangu. Lililochakaa lisiende mbele kamwe. La mbele lirudi nyuma, jipya likae mbele.

Mtoto wa Kiboriloni

Nimekuelewa mzee. Kesho nabadilisha kabla sijaanza kurudi.