Mupira wa chukudu: mara tatu haifike, juu ya nini?

Chukudu_Birere
Bandugu salamu, niko Goma, natengeneza chukudu, ile skuta ya mti ya kubebea mizigo, na mzee wangu. Gurudumu la mbele tunachonga mu mti, santimeta 40 ukipima kwa kupita katikati, kisha tunafunga mupira wa kukata ku tairi ya zamani na kupiga misumari. Mzee anasema pima ule upana mara tatu, kisha yeye anaongeza kwa macho tu na hakosei. Jana mimi nimekata 120 sawasawa, nimezungusha, imebaki nafasi ya santimeta 8 na nusu, mti uko wazi, mupira umeharibika na tairi tunanunua. Ku shule nilisikia pi, ile namba ya kuzidisha upana wa duara upate mzunguko wake, ni 3,14 lakini hakuna mwenye alinielezea inatoka wapi. Nani aliichagua?

Mwalimu_Bukavu
Kadogo, hakuna mwenye aliichagua. Zungusha kamba ku gurudumu, ikate, kisha ipime ku ule upana: upana utaingia mara tatu mu kamba na kunabaki kipande kinachokaribia sehemu moja ya saba ya upana, ndiyo pi hiyo. Fanya na kifuniko cha sufuria, fanya na pipa, ni vile vile. Babeli ya zamani walitumia 3, wengine 3 na 1/8. Kisha Archimedes wa Siracusa, Mgiriki wa hesabu, zaidi ya miaka 2200 iliyopita, akachukua maumbo ya pande 96, moja ndani ya duara moja nje, akaona pi iko kati ya 3 10/71 na 3 1/7, ndiyo ile 22/7 tunafundisha. Alama π yenyewe ni ya juzi tu, mtu wa hesabu William Jones, 1706. Kwako 40 × 22 ÷ 7 ni 125,7.

Chukudu_Birere
Aksanti mwalimu, lakini 125,7 kutoa 120 ni 5,7. Mimi nimepima 8 na nusu, mara mbili.

Mbabula_Lushi
Umepima vizuri. Mimi nakunja mabati huku Lubumbashi, bati ni jembamba haisumbue, lakini kitu kinene ukikikunja upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, ni katikati ya unene tu ndiyo inabaki na urefu wake. Mupira wako uko na unene gani?

Chukudu_Birere
Santimeta 1.

Mbabula_Lushi
Basi ongeza unene mara moja ku upana, nusu kila upande, 41 × 22 ÷ 7.

Chukudu_Birere
128,9. Nimekata 129, ncha zimegusana, nimepiga misumari. Mkubwa wangu, aksanti sana. Mzee ameweka kidole ku kiungo, akaniomba hiyo hesabu nimwandikie ku ubao wa kazi na makaa.