SSD mpya inaanza na 500MB kwa sekunde halafu inaporomoka mpaka 80, ni feki au ndo zilivyo?

Jongoo47
Wakuu habari zenu. Nimechukua SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya 1TB ya SATA, ile ya kuchomeka kwa waya wa kawaida wa diski, niiweke kwenye laptopu maana hadidiski ya sasa inanitesa, ukiwasha unaenda kuoga unarudi bado inajivuta. Boksi linasema kusoma 560 kuandika 530 (MB kwa sekunde), nikaipima na CrystalDiskMark, programu ya kupima spidi ya diski, namba zikaja hivyohivyo nikafurahi. Sasa jana nahamishia folda la video kama 200GB, mwanzo inakimbia 500 safi kabisa, ilipofika gigi arobaini na kitu grafu ikadondoka ghafla mpaka 80 na haikupanda tena mpaka mwisho. Nikaiacha ipumzike, nikajaribu folda jingine, stori ileile. Hii ni kimeo au ndo zilivyo? Na mtu anaitambuaje SSD nzuri kabla hajatoa hela, maana maboksi yote naona yanaimba wimbo mmoja. Bado niko ndani ya muda wa kurudisha.

FundiNyuzi
Kabla hatujaihukumu, ulikuwa unatoa wapi hizo video? Kama chanzo ni hadidiski ya nje basi hiyo ndo inakukwamisha, SSD haina kosa. Na kama umepitishia kwenye USB 2.0 hata 80 usingeiona.

Jongoo47
Hapana mkuu, bado haijaingia kwenye laptopu. Nimeichomeka ndani ya kompyuta ya mezani kwa waya wa SATA, na video zinatoka kwenye NVMe, zile SSD zenye kasi kuliko za SATA.

BiKumbukumbu
Basi hiyo ni QLC, karibu nakuapia. QLC na TLC ni aina za chipu za kuhifadhia data. Iko hivi: seli moja (kichumba cha data ndani ya chipu) ya QLC inabeba biti 4, TLC inabeba 3, na kadiri unavyozibana biti nyingi kwenye seli moja ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa taratibu na seli inachoka mapema. Ili mnunuzi asilione hilo, kontrola (chipu inayoiendesha SSD) inachukua sehemu ya seli inaziandika biti moja moja tu, hiyo ndo keshi, iko fasta sana. Ikijaa, unabaki na spidi halisi ya seli zenyewe, na hapo ndo umeiona 80 yako. Ukiiacha kidogo inahamisha data kwenda seli za kawaida, keshi inapata nafasi, ndo maana folda la pili lilianza vizuri tena.

Wala si siri. Samsung kwenye karatasi ya 870 QVO wanaandika wenyewe, ya 1TB keshi ni 42GB na ikiisha kuandika kunashuka mpaka 80, wakati 870 EVO ya 1TB ambayo ni TLC inabaki karibu palepale pa mwanzo. Ukubwa mmoja, waya mmoja, na kwenye boksi namba zinalingana! TBW ndo inakufumbua macho, yaani kiasi cha data wanachokubali uandike kabla waranti haijaisha: QVO TB 360, EVO TB 600, waranti miaka 3 kwa 5.

Na CrystalDiskMark isikudanganye, isipoguswa inapima kwa faili la 1GB tu, hiyo haitoki nje ya keshi hata siku moja. Unataka ukweli, mwaga faili kubwa mfululizo kama ulivyofanya, tena diski ikiwa imejaa nusu au zaidi, maana nyingi keshi yake inatumia nafasi iliyo wazi na inasinyaa kadiri unavyojaza.

Simba_Mvivu
Nampinga kidogo BiKumbukumbu, mnaitisha watu bure na hii QLC. Nani anaandika 200GB kila siku? Hiyo TBW 360 ukiandika gigi 50 kila siku ya Mungu ni zaidi ya miaka 19, laptopu yenyewe itakuwa imeshakufa. Kinachofanya mashine iwe nyepesi ni faili ndogondogo, angalia ule mstari wa RND4K Q1T1 kwenye CrystalDiskMark, unaopima vipande vidogo vilivyotawanyika, hadidiski ya kuzunguka huwa haifiki hata 2MB kwa sekunde, SSD ya kawaida inasoma 30 kwenda juu. Hapo ndo utaona laptopu inafufuka.

BiKumbukumbu
Simba kwa mtu wa kuvinjari na kuandika barua sikatai. Ila huyu ana mavideo.

FundiNyuzi
Ndani ya muda wa kurudisha fanya mambo mawili. Endesha programu ya H2testw ijaze diski nzima halafu isome tena, kama uwezo umechakachuliwa itakwambia kilichoandikwa hakisomeki (kwenye Linux tumia f3). Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha hali ya diski, uangalie saa ilizowaka, mpya isiwe na mamia ya saa, hiyo ni yatima ya mtu mwingine. Pia usiamini jina la modeli peke yake, kuna watengenezaji wanabadilisha chipu kimyakimya huku boksi ni lilelile.

Jongoo47
Nimerudi wakuu. H2testw imechukua masaa lakini imemaliza bila kosa hata moja, saa ilizowaka ni chache tu za kwangu mwenyewe. Kwa hiyo siyo feki, ni QLC tu. RND4K imesoma 34. Nafikiria kuirudisha nichukue NVMe ya 3500, nayo ni 1TB, mnaonaje?

FundiNyuzi
Fungua laptopu kwanza. Sloti ya M.2, ile nafasi ya kuchomeka SSD nyembamba kama NVMe, inaweza kuwepo na isikubali NVMe, zingine ni SATA tu, na kwa macho zinafanana. Soma kitabu cha mashine, na upime urefu, 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80, kuna laptopu inaishia 42.

BiKumbukumbu
Na hiyo 3500 nayo tafuta kama ni TLC au QLC kabla hujashangilia. Kama laptopu haina sloti, badilisha kwa SATA ya TLC yenye DRAM yake (chipu ya kumbukumbu ya kasi ndani ya SSD) ukae kwa amani na video zako.

Jongoo47
Nimefungua, hakuna sloti kabisa. Narudisha kesho nachukua TLC.