CEF ndani ya programu ya C++: madirisha yanazaliana, na kufunga kunagoma

korongo

Salaam wakuu. Ninaunganisha CEF (Chromium Embedded Framework, maktaba ya kupachika kivinjari cha Chromium ndani ya programu) kwenye programu ya C++ inayoandaa ripoti. Inatakiwa ifanye kazi kwenye Windows 10 na 11, kisha Linux. Ripoti ni HTML, CSS na chati za JavaScript. Faili zote ziko kwenye diski, mtandao hauhitajiki. Yanayokwama ni haya.

Nikiiwasha, linafunguka dirisha la programu, kisha lingine, kisha lingine, hadi mashine inaelemewa. Task Manager inaonyesha nakala za exe ileile, baadhi zimeitwa na `--type=renderer`, nyingine `--type=gpu-process`. Nikiongeza `--single-process` madirisha yanaacha kuzaliana, ila ukurasa wenye chati nyingi unaangusha programu nzima.

Nikifunga, dirisha linatoweka lakini exe inabaki hai. Kwenye toleo la debug inaanguka ndani ya `CefShutdown`.

Tena, ukurasa niliofungua kwa `file:///` unaonekana vizuri, ila `import` ya modyuli na `fetch` ya faili la JSON vyote vinakataliwa.

Nirekebishe haya, au niachane na CEF nihamie WebView2 (kivinjari cha kupachika cha Microsoft)?

mshumaa

Mkuu, anza na madirisha, maana hilo likieleweka mengine yanakuwa mepesi. Chromium si kidude cha kubandika kwenye fomu kama kitufe. Ni programu nyingine kamili inayoishi ndani ya yako, na imegawa kazi zake kwa michakato: mkuu unaosimamia madirisha, mmoja au kadhaa ya kuchora kurasa na kuendesha JavaScript, mwingine wa kadi ya picha, na midogo ya huduma kama mtandao. CEF ikihitaji mchakato wa kuchora, usipoionyesha exe nyingine inaiita yako upya, ikiipa `--type=renderer`. Sasa kama `main` yako inaanza moja kwa moja kujenga dirisha, kila mtoto naye anajenga lake, anaita `CefInitialize`, na kuzaa watoto wengine.

Dawa ni kuuliza mapema kabisa kama wewe ni mzazi au mtoto:

```
int APIENTRY wWinMain(HINSTANCE h, HINSTANCE, LPWSTR, int) {
  CefMainArgs args(h);
  CefRefPtr<ProgramuYangu> app(new ProgramuYangu);
  int jibu = CefExecuteProcess(args, app, nullptr);
  if (jibu >= 0) return jibu;
  // programu yenyewe inaanzia hapa
```

Kwenye mchakato mkuu `CefExecuteProcess` inarudisha -1 papo hapo. Kwenye mtoto inakaa humo hadi kazi yake iishe, kisha inarudisha 0 au zaidi, nawe unatoka. (Hiyo `nullptr` maana yake hutumii sandbox (uzio wa usalama unaowabana watoto), kwa hiyo weka pia `settings.no_sandbox = true`. Kwa ripoti zako mwenyewe inavumilika. Ukianza kufungua kurasa za watu wengine, irudishe.)

Kabla ya mstari huo usifungue hifadhidata, usionyeshe nembo ya kuanzia, na zaidi ya yote usiweke kufuli la kuzuia nakala mbili za programu. Kufuli likitangulia, kila mtoto anaona mzazi yupo tayari, anajitoa kimyakimya, na wewe unabaki unakodolea dirisha jeupe lisilo na kosa lolote kwenye logi.

Kama `main` imeshakuwa na mambo mengi, tengeneza exe ndogo ya pembeni yenye mistari hiyo tu na uielekeze kwa `browser_subprocess_path`. Watoto wataanza haraka kwa sababu hawabebi maktaba zako zote. Ila angalia: ukitumia `CefMessageRouter` kuongea na JavaScript, upande wake wa renderer lazima uwe ndani ya exe hiyo ndogo. Ukisahau, ukurasa utasema `cefQuery` (kitendakazi ambacho JavaScript inakiita kuiuliza C++) haijafafanuliwa, na utapoteza muda kutafuta kosa kwenye JavaScript wakati halipo huko.

`--single-process` itoe leo hii. Ni kwa ajili ya kudibagi tu, haiungwi mkono kwa programu inayokwenda kwa watumiaji. Faida yote ya kutenganisha michakato ni kwamba ukurasa ukifa, programu inabaki. `OnRenderProcessTerminated` inaitwa, unapakia ukurasa upya, basi.

Mwisho, hakiki faili zilizo kando ya `libcef.dll`: `icudtl.dat`, `v8_context_snapshot.bin`, faili za `.pak` na folda ya `locales`. Ikikosekana `icudtl.dat` injini haiwaki kabisa, na logi italalamika kuhusu data ya ICU (maktaba ya lugha na herufi).

tarakimu

Naongezea hapo kwenye kufunga, kwa kuwa mpangilio wake unaonekana wa ajabu mpaka ujue sababu. Ukurasa una haki ya kuulizwa kabla haujafungwa (`beforeunload`), na anayeuliza ni mchakato mwingine. Kwa hiyo jibu haliwezi kupatikana ndani ya `WM_CLOSE` yako (ujumbe wa Windows wa kufunga dirisha). Ukiliharibu dirisha pale pale, injini inabaki inasubiri jibu la kitu ambacho hakipo.

Ikija `WM_CLOSE`, ita `browser->GetHost()->TryCloseBrowser()`. Ikirudisha false, kufunga bado kunaendelea: rudisha 0, usiguse dirisha. Ukurasa ukikubali, CEF inaita `DoClose`. Rudisha false nayo itatuma `WM_CLOSE` ya pili, na safari hii iache ipite. Baada ya hapo inakuja `OnBeforeClose`, ambapo unaachia `CefRefPtr<CefBrowser>` yako. Ikiwa hiyo ndiyo browser ya mwisho, ita `CefQuitMessageLoop`. Ni baada ya `CefRunMessageLoop` kurudi ndipo uite `CefShutdown`.

Kuanguka kwa toleo la debug ndani ya `CefShutdown` karibu kila mara ni rejeleo lililosahaulika. Tafuta lambda iliyoikamata `browser`, au kolbaki ya cefQuery iliyohifadhiwa ikisubiri jibu ambalo halikuja. Weka `nullptr` kwa kila kimoja ndani ya `OnBeforeClose`.

Kama tayari una mzunguko wako wa ujumbe, una njia mbili. `multi_threaded_message_loop = true` inafanya kazi Windows na Linux, lakini kolbaki zinakuja kwenye uzi wa CEF, si uzi wako mkuu; ukigusa vidude vya dirisha lako humo, programu itaanguka siku moja ndani ya kumi, na hiyo ndiyo mbaya kuliko inayoanguka kila siku. Tuma kwa `PostMessage`. Njia ya pili ni `external_message_pump`: CEF inakuambia kupitia `OnScheduleMessagePumpWork` ni baada ya milisekunde ngapi uite `CefDoMessageLoopWork`. Weka na kikomo cha juu cha milisekunde 33 hivi, isije ikalala. Usiiite ndani ya `while` isiyopumzika. Itakula kiini kizima cha CPU kwa ukurasa uliotulia.

Kuhusu `file:///`: Chromium haihesabu faili za folda moja kuwa za asili moja (origin), ndiyo maana modyuli na fetch zinakataliwa. Usizime usalama kwa `--disable-web-security`. Sajili kiwanda chako mwenyewe (msimbo wako unaojibu maombi ya anwani fulani), `CefRegisterSchemeHandlerFactory("https", "ripoti.example", kiwanda)`, kisha fungua `https://ripoti.example/index.html`. Hakuna kitakachotoka nje ya mashine, na jina lenye `.example` limetengwa, haliwezi kugongana na tovuti halisi. Faili za modyuli zirudishe na aina `text/javascript`. Ukirudisha `text/plain` kivinjari kitazikataa hata kama msimbo ni sahihi. Na kabla ya kusoma diski, hakikisha njia kamili bado iko ndani ya folda ya ripoti.

nanga

Swali la WebView2 linajibiwa na neno moja ulilolitaja: Linux. WebView2 ni ya Windows. Ukiitumia, upande wa Linux utahitaji WebKitGTK (injini nyingine ya kuchora kurasa), na hapo una injini mbili tofauti, kila chati unaipima mara mbili. (WebKitGTK nayo ina mtego wake: toleo la API 4.0 linatumia libsoup 2 (maktaba ya HTTP), 4.1 linatumia libsoup 3, na zote mbili zikiingia kwenye mchakato mmoja programu inakufa.)

Ila kama Linux ni "baadaye" ya miaka, WebView2 ina uzito wake kwenye mizani. Windows 11 inakuja nayo. Aina ya Evergreen inajisasisha yenyewe, wakati CEF ni mzigo wako: Chromium inatoa toleo kubwa kila baada ya wiki chache, na mashimo yaliyozibwa huko yanabaki wazi kwenye programu yako hadi usambaze `libcef` mpya. Aina ya Fixed Version unaibeba mwenyewe, zaidi ya MB 250, na kwa usasishaji inakurudisha palepale.

Makosa makuu ya watu kwenye WebView2 ni mawili. Folda ya data isipotajwa inawekwa kando ya exe, na ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika: `E_ACCESSDENIED` kwa mteja, wakati kwako ilikuwa sawa. Taja folda chini ya `LocalAppData`. La pili, uundaji wake haukamiliki papo hapo, na majibu yanarudi kupitia mzunguko wa ujumbe wa uzi uleule. Ukiuzuia uzi huo kusubiri (kwenye C# ni `.Result` au `.Wait()`), jibu halifiki kamwe na programu inaganda.

korongo

Asanteni sana. Madirisha yameacha kuzaliana na kufunga kumekaa sawa; rejeleo lilikuwa kwenye lambda. Nabaki na CEF. Sasa: ripoti inatakiwa ichorwe juu ya mandhari ya OpenGL. Nimewasha `windowless_rendering_enabled` (CEF inachora kwenye kumbukumbu badala ya dirisha), picha inatoka, ila kwenye skrini yenye ukuzaji wa 150% maandishi yana ukungu, mibofyo inaangukia pembeni, na `<select>` haifunguki.

mshumaa

Yote matatu ni ya `CefRenderHandler`. `GetViewRect` inataka vipimo vya kimantiki, si pikseli. Rudisha 800 kwa 600, na ndani ya `GetScreenInfo` weka `device_scale_factor` 1.5, `OnPaint` itakuletea 1200 kwa 900 na ukungu utaondoka. Matukio ya kipanya nayo yatumwe kwa vipimo vya kimantiki, yaani gawanya pikseli kwa 1.5 kabla ya `SendMouseClickEvent`. Dirisha likihamishiwa skrini nyingine ita `NotifyScreenInfoChanged`, la sivyo kipimo cha zamani kinabaki.

`<select>` inafunguka, ila wewe unaitupa. Orodha yake inakuja kwa `OnPaint` ya peke yake, yenye aina `PET_POPUP` badala ya `PET_VIEW`. Pokea mahali pake kwa `OnPopupSize` na uichore juu ya tekscha ya ukurasa. Ukiandika aina zote mbili kwenye tekscha moja, orodha itaharibu picha ya ukurasa.

Angalia pia gharama. Bafa ni baiti 4 kwa pikseli, mpangilio BGRA, kwa hiyo fremu ya 1920 kwa 1080 ni baiti 8,294,400. Kwa fremu 60 kwa sekunde unanakili karibu MB 498 kila sekunde kutoka kumbukumbu ya kawaida kwenda kadi ya picha. Kwa ripoti acha `windowless_frame_rate` kwenye 30 ya kawaida, na tumia `dirtyRects` kunakili vipande vilivyobadilika tu: `GL_UNPACK_ROW_LENGTH` iwe upana wa bafa nzima, kisha `glTexSubImage2D` kwa kila kipande. Usihifadhi kielekezi cha bafa baada ya `OnPaint` kurudi. Kumbukumbu hiyo si yako.

tarakimu

Na ukitaka mandhari ya OpenGL ionekane nyuma ya ripoti, `background_color` ya `CefBrowserSettings` iwe na alfa 0 (uwazi kamili), na CSS ya `body` isiwe na rangi. Rangi za bafa zimeshazidishwa na alfa, hivyo changanya kwa `glBlendFunc(GL_ONE, GL_ONE_MINUS_SRC_ALPHA)`. Ukitumia `GL_SRC_ALPHA` kingo za herufi zitatoka na weusi.