Kocha wa mataji anakubalije klabu kubwa iliyo taabani?

Winga wa Kushoto

Wakuu, klabu kubwa ikipoteza mechi nne tu, majina ya makocha waliotoka kubeba ubingwa yanaanza kutajwa. Naomba tulijadili hili kwa hoja, ushabiki tuuweke pembeni.

Chukueni mfano huu. Kocha ametwaa ubingwa msimu uliopita, kikosi chake kimekaa sawa, na yumo kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Upande wa pili kuna klabu yenye historia na uwanja mkubwa, lakini iko nafasi ya 13, imebadilisha makocha watatu ndani ya miaka minne, na dalili zote zinaonyesha msimu ujao haitacheza Ulaya. Wanamtaka aje sasa hivi, katikati ya msimu. Kikazi, ana sababu gani ya kukubali? Na akikubali, ni mambo gani lazima yawe kwenye karatasi kabla hajatia saini?

Namba Sita

Anakubali, mkuu, na si jambo geni. Alex Ferguson aliipa Aberdeen mataji matatu ya ligi ya Scotland na Kombe la Washindi la Ulaya la 1983, kisha Novemba 1986 akaenda Manchester United ikiwa nafasi ya 21 kati ya timu 22. Jürgen Klopp alisaini Liverpool Oktoba 2015 ikiwa ya 10. Antonio Conte amefanya hivyo mara mbili, Chelsea 2016 na Napoli 2024, na zote mbili zilikuwa zimetoka kumaliza nafasi ya 10.

Tunakosea tunapoanza na msimamo wa ligi. Kocha mzoefu anajiuliza kwanza: hawa wachezaji uwezo wao umekwisha, au wamevurugwa? Chelsea ya 2016 ilikuwa bingwa mwaka mmoja tu kabla. Napoli ilitwaa ubingwa 2023 chini ya Luciano Spalletti, halafu msimu uliofuata ikaongozwa na makocha watatu na kuambulia pointi 53. Timu ya namna hiyo inahitaji mpangilio na nidhamu, na nyongeza ya wachezaji wachache wa maana. Haihitaji kuvunjwa na kujengwa upya.

Tazameni alivyofanya Conte pale Chelsea. Septemba 24, 2016 anapigwa 3-0 na Arsenal. Dakika ya 55 anamtoa Fàbregas, anamwingiza Marcos Alonso, nyuma wanakuwa watatu. Mechi iliyofuata ya ligi, dhidi ya Hull, anaanza hivyo hivyo: Azpilicueta, ambaye kiasili ni beki wa pembeni, anasimama kulia mwa wale watatu, David Luiz katikati, Cahill kushoto. Victor Moses, aliyekuwa ametolewa kwa mkopo misimu mitatu mfululizo, anakabidhiwa upande mzima wa kulia, kupanda na kushuka. Zikafuata mechi 13 za ligi za ushindi mtupu, na mwisho wake ubingwa kwa pointi 93. Wengi wa wale wachezaji aliwakuta pale pale, klabuni iliyomaliza ya 10.

Kingine kinachosahaulika ni ratiba. Kutocheza Ulaya ni hasara kwa mhasibu, ila kwa kocha mpya ni zawadi. Timu ikicheza Alhamisi na Jumapili, Ijumaa ni ya kupumzisha misuli, Jumamosi ni mazoezi mepesi ya kukumbushana nani anasimama wapi, basi. Huwezi kufundisha kukaba kwa pamoja kwa mazoezi ya dakika 40 ya wachezaji waliochoka. Timu inayocheza Jumamosi hadi Jumamosi ina Jumanne, Jumatano na Alhamisi za kazi nzito. Liverpool ya Klopp ilicheza mechi 63 msimu wa 2015/16 ikamaliza ya 8. Msimu uliofuata, bila Ulaya, ikacheza 47 na kumaliza ya 4. Napoli ya Conte ilicheza mechi 41 tu msimu wa 2024/25: 38 za ligi na 3 za Coppa Italia. Ikachukua ubingwa kwa pointi 82, moja zaidi ya Inter, ambao mwaka huo walifika hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Beki wa Kati

Namba Sita, takwimu zako ni sahihi, lakini mifano yako haifanani na swali la mkuu. Klopp alikuwa ameshaondoka Dortmund na alikuwa mapumzikoni. Conte 2024 hakuwa na timu. Conte 2016 alimaliza kazi ya timu ya taifa ya Italia baada ya Euro, akafika Chelsea na kupata maandalizi ya msimu. Hao walikuwa huru, hawakuwa na cha kupoteza. Aliyeacha kazi inayokwenda vizuri, katikati ya msimu, ni mtu wa aina nyingine. Kwenye orodha yako yuko Ferguson peke yake, na yeye alisubiri hadi 1990 kupata kombe la kwanza na hadi 1993 kupata ligi. Katikati hapo aliwahi kumaliza nafasi ya 11 mara mbili na ya 13 mara moja. Leo ni bodi ipi inavumilia hivyo?

Mfano unaofanana na swali ni Rúben Amorim. Novemba 2024 aliiacha Sporting ikiwa imeshinda mechi 11 kati ya 11 za ligi ya Ureno. Mwenyewe alitaka asubiri mwisho wa msimu, akaambiwa ni sasa au basi. Akaanza kazi Manchester United Novemba 11, wakati wachezaji wengi wako kwenye timu zao za taifa, na mechi yake ya kwanza, sare ya 1-1 na Ipswich, ikapigwa Novemba 24. Ukitoa siku za safari, alibaki na siku chache mno za mazoezi na kikosi kizima.

Tatizo likawa kwamba mfumo wake wa mabeki watatu unategemea watu wawili wa pembeni wenye pumzi ya kwenda na kurudi mstari mzima. United haikuwa nao. Waliokuwepo walikuwa mabeki wa kawaida wa pembeni, au mawinga wasiopenda kurudi. Patrick Dorgu alinunuliwa kutoka Lecce katika dirisha la Januari, msimu ukiwa umeshavuka nusu. Viungo wawili wa kati wakaachiwa eneo kubwa, wapinzani wakawa wanapita hapo hapo. Mechi 27 za ligi zilimpa pointi 27. Timu ikamaliza ya 15 na jumla ya pointi 42, na ikapoteza fainali ya Ligi ya Europa 1-0 kwa Tottenham.

Mlinganisheni na Unai Emery. Alitoka Villarreal akaenda Aston Villa, naye ni Novemba, mwaka 2022, timu ikiwa jirani na mstari wa kushuka daraja. Mechi ya kwanza ya ligi akaifunga Manchester United 3-1. Lakini baada ya wiki moja ligi ikasimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, ikarudi Desemba 26. Alipata wiki sita katikati ya msimu, akiwa na wachezaji wote ambao hawakwenda Qatar. Na mfumo wake wa 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili) unakubaliana na kikosi chochote cha kawaida. Alimaliza ya 7, msimu uliofuata ya 4. Kwa hiyo mwezi wa Novemba wenyewe si tatizo. Angalieni siku za mazoezi zilizopo, na kama mfumo wa kocha unaendana na kikosi anachokikuta.

Kiti Moto

Na tukumbuke huyo huyo Emery aliikataa Newcastle Novemba 2021, wakati klabu ina wamiliki wapya wenye fedha nyingi na haijashinda mechi hata moja ya ligi. Villarreal ilikuwa Ligi ya Mabingwa na ikafika nusu fainali. Xabi Alonso naye Machi 2024 alisema wazi kwamba anabaki Leverkusen huku akihusishwa na Liverpool na Bayern, akamaliza bingwa bila kupoteza mechi ya ligi hata moja, pointi 90. Mwaka mmoja baadaye akachukuliwa na Real Madrid. Kukataa mara moja hakufungi mlango.

Leja

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki hawalioni na kocha mwenye wakala mzuri analiangalia mapema: mzigo wa usajili uliopita.

Mchezaji alinunuliwa kwa pauni milioni 60, mkataba wa miaka 5. Vitabuni bei hiyo inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo klabu inakata milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka 2 thamani yake iliyobaki ni milioni 36. Kiwango kimeshuka, sokoni wanatoa milioni 25. Ukimuuza leo unaandika hasara ya milioni 11 mwaka huu huu, ingawa unapunguza mshahara wake na zile milioni 12 za kila mwaka. Ukiwa na wachezaji watano wa namna hiyo, uuzaji wenyewe unakula nafasi yako ya kununua. Na kanuni ambayo Ligi Kuu ya England iliitumia kwa zaidi ya miaka 10, hadi msimu wa 2025/26, iliweka ukomo wa hasara wa pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Everton ilikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, halafu Aprili 2024 ikakatwa nyingine 2. UEFA nayo inataka mishahara ya wachezaji na kocha, gharama za usajili na ada za mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato, na klabu ikikosa Ligi ya Mabingwa mapato yenyewe ndiyo yanayoporomoka.

Ndiyo maana klabu iliyobanwa hukimbilia kuuza kijana wa akademi. Hakununuliwa, hivyo vitabuni thamani yake ni sifuri na bei yote ni faida. Kocha anafika akidhani huyo kijana ndiye atakayemjengea kiungo, kumbe mkurugenzi wa fedha ameshamweka sokoni. Hili linauma, kwa sababu mara nyingi kijana huyo ndiye mwenye mbio na njaa ambayo kocha mpya anaihitaji.

Kwa hiyo aombe karatasi tatu kabla ya kuzungumzia mshahara wake. Ya kwanza, orodha ya wachezaji wote, mishahara yao na miaka iliyobaki. Ya pili, awamu za malipo ya usajili wa zamani ambazo klabu bado inadaiwa na klabu nyingine, kwa sababu usajili mwingi hulipwa kwa awamu za miaka mitatu minne. Ya tatu, nafasi ya matumizi iliyobaki kwa mujibu wa kanuni. Klabu ikikataa kuonyesha, basi ile ahadi ya "utapewa fedha Januari" haina uzito wowote.

Winga wa Kushoto

Asanteni sana wakuu. Leja, hizo hesabu za kijana wa akademi zimenifungua macho. Bado suala moja: nani aamue usajili? Wengine wanasema kocha mkubwa hawezi kukubali kukaa chini ya mkurugenzi wa michezo.

Namba Sita

Klopp alikubali, na ndiye aliyefanikiwa kuliko wengi. Michael Edwards alipandishwa kuwa mkurugenzi wa michezo 2016. Van Dijk alikuja Januari 2018 kwa pauni milioni 75, na Alisson kiangazi cha mwaka huo huo, miezi michache baada ya klabu kumuuza Coutinho kwa Barcelona. Ligi ya Mabingwa 2019, ligi 2020 kwa pointi 99. Hakuwa na mamlaka yote peke yake. Alichokuwa nacho ni watu wanaotafuta mchezaji wa aina anayoitaka yeye.

Kinachoua ni klabu kuajiri kocha wa aina moja na mkurugenzi anayenunua wachezaji wa aina nyingine. Kocha akija na kuondoka, mchezaji aliyenunuliwa kwa mfumo wa kocha wa jana anabaki na mkataba wa miaka minne. Makocha watatu ndani ya miaka minne, kama kwenye mfano wako, maana yake ndani ya chumba kimoja kuna vikosi vitatu: wanaojua kukaba juu, waliozoea kusubiri nyuma, na waliosajiliwa kwa ajili ya mabeki watatu.

Kwa maoni yangu adai kura ya turufu: hakuna mchezaji anayeingia bila yeye kukubali, na hakuna anayetoka katika orodha fupi ya majina, tuseme manne, bila yeye kushirikishwa. Kudai anunue mwenyewe hakuna haja. Pia aje na wasaidizi wake, walau msaidizi mkuu, kocha wa viungo na mchambuzi wa video. Kocha wa viungo ndiye wa kwanza. Ukipandisha ghafla kasi ya kukaba kwa wachezaji waliozoea kutembea, misuli ya nyuma ya paja inaanza kukatika. Liverpool majira ya baridi ya 2015/16 ilipatwa na majeruhi wa misuli mmoja baada ya mwingine, mpaka Januari ikamchukua beki Steven Caulker kwa mkopo wa dharura.

Beki wa Kati

Naongezea upande wa mkataba. Adai fidia ya kufukuzwa inayolipwa yote, isiyopungua akipata kazi nyingine. Kuwe na kipengele cha kumruhusu aondoke bure iwapo mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri ataondoka au klabu itauzwa, kwa sababu bosi mpya huja na kocha wake. Na lengo la msimu wa kwanza liandikwe kwa nafasi, kwa mfano "kubaki ligi kuu", ili Mei mtu asigeuze maneno na kusema alitarajia Ulaya.

Kwa kocha wa mfano wako, mkuu, ningemshauri aseme ndiyo ya Juni na hapana ya sasa. Klabu imweke kocha wa muda, yeye amalize msimu wake, na usajili wa kiangazi uanze kupangwa naye kuanzia Machi. Wakimjibu kwamba ni sasa au basi, ajue tayari wana haraka kuliko mpango, na abaki alipo. Ningebadili ushauri huo kama mfumo wake unaendana na wachezaji waliopo na kalenda ina mapumziko ya maana, kama aliyoyapata Emery.