MREJESHO: Yale marobota ya hei (nyasi kavu za mifugo) yaliyonyeshewa
Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama ng'ombe wanaweza kula hei iliyolowa na zile mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, huku Longido. Aliyeniambia nichomeke mkono katikati ya robota Mungu ambariki sana, ndani palikuwa pamoto na ukungu mweusi umetanda, marobota 60 nimeyamwaga shambani yawe matandazo, sikuthubutu kuwapa maana nina mitamba wawili wana mimba. Yaliyobaki nikapima kwa chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, unatia nyasi unatikisa, chumvi ikinata pembeni jua bado zina maji. Stoo nimeinua kwa mbao. Ukame wa 2022 ulinimalizia ng'ombe saba, bado inaniuma.