Naomba ushauri: vidonge vya estrojeni kwa mama mwenye Alzheimer

Ndugu zangu, mama yangu, mwenye umri wa miaka 69, ninaishi naye hapa Jinja, naye amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Shemeji anashikilia apewe estrojeni, kwa kuwa homoni hiyo hulinda seli za neva. Maabara zimeonyesha hivyo, lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003 uligundua kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi waliotumia estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike ya kutengenezwa) walikabiliwa na hatari ya demensia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama ilivyo kwa Alzheimer) takribani maradufu. Mimi nasita (na vidonge vimekwisha kununuliwa!). Je, nimwulize daktari maswali gani, na shemeji nimjibuje bila kumvunjia heshima?